Majina Mengi, Damu Moja: Kuchagua na Kuboresha Migomba ya Karagwe na Kyerwa



Nimeombwa nizungumzie mbegu bora za migomba. Nitazizungumzia, ila kwanza nataka tuelewane kuhusu mbegu tulizonazo tayari, maana hapo ndipo mazungumzo mengi ya kilimo yanapoteleza. Mtaalamu anafika na mche mpya, anataja uzito wa mkungu wake, anapiga picha, anaondoka. Kilichokuwemo kibanjani kabla hajafika hakikuulizwa.

Mwombe mama yeyote wa Nyaishozi au Nkwenda akutembeze kibanjani kwake. Atakuonyesha Enchoncho, Enshakala, Enyoya, Entobe, na mingine ambayo jina hubadilika ukishavuka kilima. Hangoji mkungu utoke ndipo autambue mgomba. Anaangalia rangi ya shina, madoa meusi pale jani linapoungana na shina, namna mkungu unavyoning'inia, ncha ya kidole kama imechongoka au ni butu. Huu ameuweka kwa ajili ya wageni kwa sababu ndizi zake hulainika upesi. Ule ni wa kuuza, vidole ni virefu na mkungu unastahimili safari ya lori. Ule wa pembeni ni wa kukamua rubisi, pombe ya ndizi. Kuupika ni kuwaadhibu watoto, kwa ugwadu wake. Wapo wasomi wa mimea, nami ninawaheshimu, ambao ukiwaingiza kibanjani mchana kweupe hawawezi nusu ya kazi hiyo.

Mwaka 1998 mtafiti wa Uganda, Deborah Karamura, alikamilisha uainishaji wa migomba ya nyanda za juu ya nchi yake. Aliorodhesha aina 84 na kuzigawa katika makundi matano: Nfuuka, Nakabululu, Nakitembe, Musakala na Mbidde. Manne ya kwanza ni ya kupika, la tano ni la pombe. Natumia majina hayo ya Kiganda kwa kuwa ndiyo yaliyotangulia kuingia vitabuni. Ya Kinyambo na Kihaya yanangoja mtu wa kuyaandika kwa uangalifu ule ule. Migomba ya ukoo huu inapatikana kwetu Kagera, Uganda, Rwanda, Burundi, Kivu na sehemu za Kenya. Ndizi asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki na visiwa vya huko, lakini ukienda huko leo kutafuta matoke ya namna yetu hutayapata. Hata Mchare wa Kilimanjaro, ambao nao unapikwa, ni wa ukoo mwingine kabisa.

Sasa, wataalamu wa vinasaba walipochukua majani ya aina hizi zote na kuyapima, walikuta jambo ambalo mkulima hakulitegemea na, kusema kweli, wao wenyewe liliwashtua. Tofauti za vinasaba kati ya aina na aina ni ndogo mno, karibu hazipo. Mamia ya majina, lakini yote yanarudi kwa bibi mmoja, au mabibi wachache sana, aliyefika au kuzaliwa huku kwetu karne nyingi zilizopita.

Imekuwaje? Mgomba wetu hauna mbegu. Tunapanda chipukizi, na chipukizi ni mama yule yule aliyeendelea kuishi. Mara chache, mojawapo ya seli za tunguu hubadilika yenyewe, na chipukizi linalotoka hapo huwa na kasoro au sifa isiyokuwepo: shina limekuwa jekundu, vidole vimefupika, ndizi zimekuwa gwadu, ua dume halidumu. Mara nyingi mabadiliko hayo hayana faida na huishia jaani. Lakini palikuwa na mtu mwenye jicho. Aliuona mgomba umetoka tofauti, hakuung'oa, akala ndizi zake, zikampendeza, akampa shemeji yake chipukizi na jina. Rudia kitendo hicho kwa mamia ya miaka, kutoka Buganda hadi Bweranyange, nawe utapata kibanja cha yule mama wa Nkwenda. Ndizi za Cavendish zinazojaza maduka ya Ulaya zilipata vimo vyake vifupi na virefu kwa njia hiyo hiyo, mtu kuona na kutenga. Kuchagua mbegu bora hakukuanza na vituo vya utafiti.

Ila yule mchaguzi alichagua alichoweza kukiona na kukionja. Kinga ya ugonjwa ambao haujafika haionekani kwa macho wala haina ladha. Kwa hiyo katika mambo ya jikoni tuna utajiri mkubwa, na katika mambo ya magonjwa tuna mgomba mmoja uliovaa nguo nyingi. Hilo ndilo neno langu la leo. Mengine yote ni maelezo yake.

Wakati mwingine hali hiyo imetufaa. Mnyauko wa Panama, ambao kuvu wake huishi udongoni miaka mingi, umekausha migomba ya ndizi za kula mbivu kama Bogoya, na ile ya pombe ambayo wataalamu huiita Pisang Awak na jirani zetu wa Uganda Kayinja. Migomba ya matoke ilisimama pembeni ikitazama. Haikusimama Enchoncho peke yake au Enyoya peke yake. Ilisimama yote, kwa kuwa kinga ya mmoja ni kinga ya ukoo mzima.

Kisha ukaja mnyauko wa bakteria. Ugonjwa huu ulielezwa kwanza Ethiopia, mwaka 1968 kwenye enseti, mmea unaofanana na mgomba, kisha 1974 kwenye mgomba wenyewe. Uganda uliingia 2001. Kwetu Kagera ulionekana Muleba mwaka 2006, ukapanda taratibu kuja huku. Sina haja ya kuwaeleza sura yake, wengi mmeiona: jani linanyauka kama lililomwagiwa maji ya moto, ndizi moja moja zinaiva kabla ya wakati, ukikata kidole ndani ni kahawia, ukikata shina linatoa usaha wa njano. Safari hii nguo nyingi hazikusaidia. Mkulima aliyekuwa na aina kumi alipoteza kumi.

Kuna tofauti moja inayofundisha. Aina za kundi la Nakitembe huwa na tabia ya kutoangusha maua yake dume na majani yanayoyafunika. Yanakauka na kubaki yameshikamana na mkia wa mkungu. Wadudu wanaobeba bakteria huingilia kwenye vidonda vibichi vinavyobaki pale maua yanapodondoka. Kwa Nakitembe vidonda hivyo havipo, basi wadudu hawana mlango. Watu wakasema tumepata mbegu yenye kinga. Hapana. Ikate kwa panga lililotoka kwenye mgomba mgonjwa, itakufa kama wenzake. Ilikwepa, haikukinza. Ndiyo maana maafisa ugani wanasisitiza kuvunja ua dume kwa kijiti chenye panda mara tu chana ya mwisho inapotoka, bila panga, na kuunguza panga motoni kabla ya kuhamia mgomba wa pili. Kinga pekee tuliyo nayo kwa ugonjwa huu iko mikononi, haiko kwenye tunguu. Kinga ya kweli imeonekana kwenye mgomba mwitu wa Asia uitwao Musa balbisiana, ambao matunda yake yamejaa mbegu ngumu. Watafiti wa IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki, na NARO, shirika la utafiti wa kilimo la Uganda, wamepitia njia nyingine: walichukua vinasaba vya pilipili hoho wakaviingiza kwenye mgomba, na tangu 2010 wamekuwa wakiujaribu Kawanda, Uganda, ndani ya uzio. Hiyo haijafika shambani kwa mkulima.

Basi, kama damu ni moja, dawa ni kuleta damu nyingine. Hapo ndipo kazi ya mzalishaji wa mbegu inapoanza, na ningependa mwione kwa karibu, maana watu wengi wanadhani mche wa maabara unatengenezwa kwenye chupa kwa kemikali.

Mgomba wa matoke una kromosomu 33, yaani seti tatu za kumi na moja. Seti tatu hazigawanyiki sawa kwa mbili, na ndiyo sababu kubwa ndizi zetu hazina mbegu. Ni bahati kwa mlaji, msiba kwa mzalishaji. Watafiti wa Uganda, NARO wakiwa pamoja na IITA, walipoanza katikati ya miaka ya 1990, ilibidi kwanza wajue kama kuna aina yoyote ya matoke inayoweza kushika mimba. Walichavusha aina nyingi. Takriban nusu hazikutoa hata mbegu moja. Zilizotoa, nyingi zilikuwa za makundi ya Nfuuka na Nakabululu, na zilitoa mbegu chache tu kwa mkungu mzima.

Kazi yenyewe hufanyika asubuhi. Mkungu unapoanza kujitokeza hufunikwa kwa mfuko ili wadudu wasilete chavua ya kwingine. Kila chana ya maua jike inapofunguka, mtu hupanda ngazi akiwa na ua dume la mgomba mwitu uitwao Calcutta 4, unaokinza Sigatoka nyeusi, yaani ugonjwa wa kuvu unaounguza majani, akalisugua taratibu juu ya maua jike, akafunika tena. Kesho yake chana ya pili, keshokutwa ya tatu. Mkungu ukikomaa unavundikwa, ndizi zinamenywa, zinapondwa ndani ya maji na kuchujwa, na wafanyakazi hupapasa rojo kwa vidole wakitafuta kitu kigumu cheusi. Wakikipata hawakipandi ardhini, kwa kuwa mbegu hizo hazioti vizuri. Zinapasuliwa chini ya hadubini, kiinitete kinatolewa kwa ncha ya kisu na kulelewa ndani ya chupa. Kwa hiyo chupa ipo, lakini ndani yake kuna mtoto aliyezaliwa na mama na baba.

Mtoto huyo wa kwanza bado si mgomba wa kula. Mama yetu wa matoke, kwa kuwa seti zake hazigawanyiki, humpa mtoto zote 33. Baba mwitu humpa 11. Mtoto anakuwa na 44. Amebeba urithi wote wa mama yake na kinga ya baba, lakini ana tabia ya mwituni na anaweza kutoa mbegu. Huyo huchavushwa tena kwa baba mwingine aliyeboreshwa, mwenye 22. Mama anatoa 22, baba 11, na mjukuu anarudi kwenye 33, asiye na mbegu. Mjukuu huyo ndiye anayepandwa, kupimwa, kupikwa na mara nyingi kutupwa. Mwaka 2010 Uganda ilitoa wa kwanza, M9, ambao wananchi waliupa jina la Kiwangaazi. Kutoka mpango huo huo yakachaguliwa machotara 27 yaliyoitwa NARITA, yakaletwa Tanzania kujaribiwa, ikiwemo kwenye kituo chetu cha Maruku, Bukoba. Mwaka 2021 taasisi yetu ya utafiti wa kilimo, TARI, ilitoa rasmi manne kwa majina ya TARIBAN 1 hadi TARIBAN 4.

Hesabuni wenyewe: kutoka uchavushaji wa kwanza hadi TARIBAN ni zaidi ya miaka ishirini. Na mwanzo wa safari yote hiyo ni mgomba wa kienyeji uliokubali kushika mimba. Kama mkulima wa Uganda angekuwa amefyeka Nfuuka zake kwa sababu hazikuwa mbegu bora, TARIBAN haingekuwepo. Ndugu afisa ugani anayemwambia mkulima ang'oe migomba ya zamani ili apishe mipya anakata ngazi aliyopandia.

Sasa nije kwenye sufuria, ambako nadhani utafiti ulichelewa kufika.

Machotara hayakuwa mageni Kagera. Tangu 1997 mradi wa maendeleo ya jamii Kagera, KCDP, kwa fedha za Ubelgiji, ulileta miche kutoka hifadhi ya dunia ya migomba iliyoko chuo kikuu cha Leuven. Miongoni mwake zilikuwemo FHIA, zilizozalishwa Honduras na taasisi iliyorithi mwaka 1984 kazi ya kampuni ya United Fruit. Wazee mnazikumbuka. FHIA-17 na FHIA-23 zilitoa mikungu ya kumchosha mbebaji, majani ya kijani pale ambapo migomba mingine ilikuwa imeungua kwa Sigatoka. Kwa mizani ilikuwa ushindi. Mezani mambo yakawa mengine. Watu walizila mbivu, walizikamua, waliziuza. Lakini mgeni wa heshima alipofika hakuna aliyempikia FHIA. Tusiwacheke wazalishaji wa Honduras. Hawakuwa wakitafuta matoke, walikuwa wakitafuta ndizi ya kula mbivu ya kusafirisha nje. Kosa ni kudhani ndizi ni ndizi.

Mnajua wenyewe kitoke kizuri kinavyotakiwa kiwe. Ganda litoke kwa kisu bila kuondoka na nyama. Utomvu hauna budi kuwepo, lakini usiwe wa kubandika vidole. Ndizi zikishawekwa sufuriani na maharage, au zikifunikwa kwa majani ya mgomba, zigeuke kutoka weupe na kuwa njano ya dhahabu, zilainike mpaka zibonyee kwa mwiko, na zibaki laini hata zikipoa kidogo. Harufu ina sehemu yake, na wapishi huijua kabla ya kufunua. Machotara mengi yaliangushwa hapo: yalibaki meupe, au yalikuwa magumu yakipoa, au yalikuwa na ukakasi kwenye ulimi, zawadi ya babu yao wa mwituni. Siku hizi wazalishaji wanapima rangi kwa vifaa na ulaini kwa mashine, na wanaita majopo ya waonjaji. Ni vizuri. Ningefurahi zaidi kama upishi ungekuwa mtihani wa kwanza, maana mkungu wa kilo arobaini usiolika ni kilo arobaini za chakula cha mbuzi.

Kuna jambo jingine linaloihusu Karagwe na Kyerwa hasa. Sigatoka nyeusi ndiyo iliyowasukuma wazalishaji wengi kuanza kazi, na kweli huumiza sana maeneo ya joto na ya chini. Lakini sisi tuko juu, sehemu kubwa ya mashamba yetu ikiwa karibu na mita 1,500 au kuzidi, na kwenye baridi ya huku kuvu huyo huenda polepole. Mgomba uliosifiwa kwa kukinza Sigatoka unaweza kuwa umekinga kisichotusumbua sana. Adui zetu wa kila siku ni wengine: fukusi anayetoboa tunguu hadi mgomba unaanguka na mkungu wake kwa upepo mdogo, nematodi wanaokula mizizi, kiangazi cha Juni hadi Agosti, na udongo ambao tunauvuna bila kuurudishia. Zamani ng'ombe ndio waliourutubisha. Kibanja kililishwa kwa samadi na kwa nyasi zilizokatwa rweya, nyanda za nyasi. Rweya zimepungua, ng'ombe wamepungua, mikungu inayopakiwa kwenye malori kwenda Mwanza na Dar es Salaam imeongezeka, na kila mkungu unaondoka na potasiamu yetu. Hakuna chotara, awe wa Maruku au wa Honduras, anayekula hewa. Mkulima akiniuliza anunue mche mpya au samadi, na fedha inatosha kimoja, namwambia samadi.

Akiwa na cha kununua vyote viwili, basi namshauri hivi. Mche autoe mahali panapojulikana, kituoni au kwa mzalishaji wa miche aliyekaguliwa, si kwa jirani mwenye mgomba mzuri, maana mnyauko na fukusi husafiri ndani ya chipukizi lenye afya usoni. Akilazimika kwa jirani, amenye tunguu mpaka weupe uonekane, akate kila penye tundu la fukusi, kisha alizamishe kwenye maji yanayochemka kwa sekunde thelathini. Thelathini, si dakika, ukizidisha umelipika.

Apande michache, pembeni mwa kibanja, pale ambapo udongo si wa jaa wala si wa mawe, na kando yake apande Enchoncho au aina yoyote anayoipenda, siku hiyo hiyo, kwa samadi ile ile. Bila huyo wa kulinganisha naye, atakachopima ni shimo, si mbegu. Asiuhukumu kwa mkungu wa kwanza, kwa kuwa mgomba mama aghalabu hutoa mkungu mdogo kuliko watoto wake. Angoje mtoto, na ikiwezekana mjukuu, aone pia kama shina linasimama baada ya kiangazi kimoja au viwili. Ndizi zikikomaa apike aina zote mbili siku moja, sufuria mbili, maharage yale yale, awape watu wa nyumbani bila kuwaambia ipi ni ipi. Watoto wasiachwe nje, wao hawana adabu ya kusifia chakula kibaya. Majibu yaandikwe kwenye karatasi, pamoja na tarehe ya kupanda na tarehe ya kuvuna, na karatasi hiyo apewe afisa ugani aipeleke Maruku.